Shajara ya kuhamia Devon: kazi Exeter, nyumba mashambani

Naandika hii sababu nilipokua natafuta habari za manesi wa Kenya wanaoishi nje ya mji huku Uingereza sikupata kitu cha kushika. Wote wanaeleza mtihani na viza, alafu mtu akishatua wanamuacha palepale uwanja wa ndege. Mimi naweka upande wa pili: nyumba, treni, baiskeli, mafuta, leseni, na pesa ilotoka kwa kila kitu, na ntakua naongeza kila hatua ikikamilika. Mimi ni nesi, nimetoka Mombasa, kazi yangu iko hospitali moja Exeter, jimbo la Devon, kusini magharibi ya Uingereza. Bei nyingi ni za pauni, na wakati natua pauni moja ilikua kama shilingi 170 za Kenya.

15 Septemba 2024: makaratasi yamekwisha

Hii napita haraka manake imeandikwa sana. IELTS (mtihani wa Kiingereza), kufunguliwa faili na NMC (baraza la manesi la Uingereza) £140, mtihani wa kompyuta £83, cheti cha Nursing Council, kipimo cha TB pale IOM Nairobi (SGR kutoka Mombasa 1,500 kwenda tu), viza ya wahudumu wa afya £284 ya miaka mitatu. Uzuri wa viza hii ni kua ule ushuru wa afya hulipi, watu wa viza zingine za kazi wanalipa £1,035 kila mwaka. Hospitali imetupa vyumba vya wafanyakazi lakini ni hadi mwisho wa Oktoba tu, baada ya hapo kila mtu ajitafutie.

Kitu kimoja cha kubeba ambacho hakiko kwa orodha nyingi: leseni yako ya kuendesha ya Kenya, ile yenyewe, usiiache kwa droo nyumbani. Utaona chini kwa nini.

13 Oktoba 2024: nyumba

Exeter ni mji wa chuo kikuu na Septemba ndio mwezi wa kuingia wanafunzi, yaani nilitua wakati kila kitu kimeshachukuliwa. Vilivyobaki vilikua vyumba vya £950 kwa mwezi, kitanda na jiko ukuta mmoja, na ejenti anataka mdhamini anayeishi Uingereza au ulipe kodi ya miezi sita kwa mpigo. Mtu ametua mwezi uliopita atamtoa wapi mdhamini?

Alafu kukawa na hii ya kadi. Sisi tulokuja wakati huu tumepewa kadi ya ukaazi imeandikwa mwisho 31 Desemba 2024 ingawa viza yenyewe inaenda hadi 2027, sababu serikali inaziondoa kadi zote na kuhamia viza ya mtandaoni. Ejenti mmoja aliangalia ile tarehe akasema hawezi kumpangisha mtu ambaye viza yake inaisha baada ya wiki chache, nikamueleza, hakusikia. Dawa yake ni hii: fungua akaunti ya UKVI (idara ya viza ya Uingereza) mapema, unganisha paspoti yako, alafu toa share code kwa ukurasa wa serikali. Mwenye nyumba akiingiza hio share code na tarehe yako ya kuzaliwa anaona tarehe ya kweli ya viza, ubishi unakwisha. Sheria ya huku inamlazimu mwenye nyumba kuhakikisha una haki ya kupanga, kwahivo usimkasirikie akiuliza, mtumie tu. Fanya hii kabla hujaanza kuangalia nyumba.

Nikaanza kutafuta nje ya mji. Reli ya kutoka Exeter kwenda Barnstaple inapita Crediton, Copplestone, Lapford, Eggesford na stesheni zingine ndogondogo, na kule bei inashuka. Nimepata nyumba ndogo iliyojengwa kando ya nyumba kubwa ya shamba, kama maili tatu kutoka stesheni ya Lapford. Mzee na mkewe wanafuga ng'ombe na kondoo. Chumba cha kulala, sebule, jiko, bafu, vyote vyangu peke yangu, £625 na ushuru wa kaunsili uko ndani. Stima juu yangu, mafuta ya kupasha nyumba juu yangu.

Jueni haki zenu kwa pesa za mwanzo: pesa ya kushikilia nyumba haizidi kodi ya wiki moja, na dipoziti haizidi kodi ya wiki tano, hio ni sheria ya 2019. Yangu imetoka £721. Na mwenye nyumba lazima aiweke kwa mpango wa kulinda dipoziti ndani ya siku 30 na akupe karatasi yake. Mzee alinipa bila hata kuulizwa.

Hesabu niliyofanya wakati huo: £950 toa £625 ni £325 kila mwezi. Treni kama dakika arobaini. Ilionekana wazi kabisa.

3 Novemba 2024: kusimamisha treni

Nimehamia, na wiki ya kwanza imeenda vizuri. Saa hii niko kwa mafunzo ya OSCE, ule mtihani wa vitendo wa manesi, Jumatatu hadi Ijumaa, saa za ofisi, kwahivo tiketi ya wiki inalipa. Nilinunua kwanza Railcard ya watu wa miaka 26 hadi 30, £30, inapunguza nauli theluthi moja, lakini soma masharti yake: Jumatatu hadi Ijumaa kati ya saa kumi unusu alfajiri na saa nne asubuhi kuna nauli ya chini kabisa ya £12, kwahivo kwa safari fupi za asubuhi haisaidii kitu. Inasaidia ukienda London au Bristol siku ya mapumziko, basi.

Lapford treni haisimami yenyewe. Unanyoosha mkono kama unapunga matatu stegi, na dereva anakupigia honi fupi kukujulisha amekuona. Ukiwa ndani unamwambia kondakta mapema unashuka wapi. Na si kila treni ya reli hii inasimama Lapford hata ukipunga, angalia ratiba ya stesheni yako wewe, usiangalie ratiba ya Exeter kwenda Barnstaple kwa jumla ukafikiri zote ni zako.

Shida ilianza saa ziliporudishwa nyuma tarehe 27 Oktoba. Jioni inaingia giza mapema, na asubuhi za kuamkia kazini pia ni giza, jukwaa lina taa chache, na mimi koti langu jeusi, mtandio mweusi. Treni inatokea kwenye kona na taa zake kali, dereva ana sekunde chache tu za kuamua. Asubuhi moja alishika breki kwa nguvu akasimama mbele kidogo, kondakta akafungua mlango akanambia kwa upole, mama vaa kitu kinachong'aa. Nimenunua fulana ile ya manjano ya watu wa barabara, £6, na nasimama chini ya taa mkono umenyooka tangu treni iko mbali. Tangu hapo hakuna shida.

Kitu kingine cha kujua ni kua baada ya Crediton reli ni moja. Treni ya kwenda na ya kurudi zinapishana Eggesford, na dereva hawezi kuingia kipande cha mbele bila kupata tokeni ya kumruhusu. Ndio maana ya kwenda Barnstaple ikichelewa, wewe unayengoja ya Exeter upande wa pili pia unachelewa. Ikifika dakika 15 omba kurudishiwa pesa: robo ya nauli ya safari hio, dakika 30 nusu, saa nzima yote. Inafanywa kwa simu, piga picha tiketi yako kila siku.

24 Novemba 2024: baiskeli na miiba

Maili tatu za nyumbani hadi stesheni hazina basi. Wiki za kwanza mama mwenye nyumba alinipeleka, lakini huwezi kumuamsha mtu kila siku. Nikanunua baiskeli ya mkono wa pili £120. Kuna mpango wa kukatwa baiskeli kwa mshahara kabla ya kodi, lakini mshahara ukishakatwa haufai kushuka chini ya kima cha chini cha sheria, na kabla ya kupata PIN (namba ya usajili wa nesi) mshahara wetu ni mdogo, nikaambiwa ningoje.

Barabara za Devon za ndani ni nyembamba, gari moja tu linapita, na pande zote mbili kuna kuta za udongo zimeota michongoma yao hadi juu ya kichwa. Kuanzia Septemba wakulima wanaikata kwa trekta lenye mkono wa kusagia, na kanuni zao haziwaruhusu kukata kuanzia 1 Machi hadi 31 Agosti kwa ajili ya ndege wanaotaga, kwahivo kazi yote inasongwa kwa hii miezi ya baridi. Matawi yanasagwa, miiba inamwagika barabarani. Nilikua napata pancha mpaka nikachoka. Unabandika kiraka jioni, asubuhi tairi limelala tena.

Sababu yake nimeigundua mezani na taa ya kichwa. Nilipitisha kidole ndani ya tairi polepole, ncha ya mwiba ilikua imevunjikia ndani ya mpira, kwa nje huioni kabisa, ni kidoa cheusi tu kama cha kalamu. Ukibandika tyubu na kuirudisha, ile ncha inatoboa upya. Lazima usukume kwa sindano kutoka nje hadi itokeze ndani, alafu uivute kwa koleo. Nimetoa nne kwa tairi moja. Baadae nimeweka matairi yenye tabaka nene la kuzuia miiba, £34 kila moja, na ile dawa ya maji ndani ya tyubu. Ni mazito kupanda mlima lakini naingia kazini na mikono safi. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma na kiakisi cha nyuma kinachong'aa kikimulikwa ni sheria usiku, taa zimenigharimu £25.

Wikendi hii imepita dhoruba ya Storm Bert na mvua ya kwetu ilikua ya kutisha, njia ya stesheni ilijaa maji hadi magoti. Wanaotaka kuishi upande huu wajue jina la Cowley Bridge, hapo mto Creedy unakutana na Exe na hapo reli yetu inaungana na reli kubwa. Mwaka 2012 mafuriko yalifunga reli pale. Wakitangaza mafuriko ya mto Exe, angalia apu ya treni kabla hujavaa viatu.

OSCE nimepita, alhamdulillah. £794, hospitali imelipa.

15 Desemba 2024: PIN imekuja, mpango umevunjika

Hii ndio sehemu nataka msome kwa makini kuliko zote.

PIN imetoka na sasa mimi ni Band 5, daraja la mshahara la nesi aliyesajiliwa, £29,970 kwa mwaka, baada ya kodi na pensheni inabaki mkononi kama £1,950. Na kwa PIN ikaja rota ya kweli. Zamu ndefu ni saa moja unusu asubuhi hadi saa mbili usiku, au usiku saa moja unusu jioni hadi saa mbili asubuhi. Kama 13 kwa wiki nne. Jumapili ni siku kama siku zingine wodini.

Sasa ichukue ile ratiba ya treni uiweke kando ya rota. Siku za wiki unafika kwa shida. Jumapili treni ya kwanza inakuja wakati zamu ishaanza zamani. Jioni ukimaliza kukabidhi wagonjwa ni saa mbili na robo, ukimbie hadi Exeter Central, ukikosa treni ile unangoja saa nzima au zaidi, alafu unashuka Lapford gizani na maili tatu za baiskeli kwenye barafu. Na baada ya masaa matano hivi lazima uwe macho tena.

Nyumba nilichagua kwa saa za mafunzo, na mafunzo ni ya wiki chache tu. Kabla ya kulipa dipoziti, muulize meneja wako rota ya wodi inakaaje, alafu angalia vitu viwili kwa ratiba: treni ya kwanza ya Jumapili, na ya mwisho ya usiku. Bei na dakika za safari viangalie baadae.

Dharura yangu kwa sasa: Jumapili nakodi teksi, £45 kwenda, au nalala kwa dada mmoja wa Kericho anayekaa Exeter, sakafuni na godoro la upepo. Nimemnunulia unga wa ugali gunia zima.

Alafu tarehe 6 usiku ikaja Storm Darragh. Sehemu za Devon za pwani ya kaskazini zilikua kwa onyo jekundu. Miti ilianguka njiani, stima ikapotea siku nzima, na bila stima boila haiwaki hata kama una mafuta. Huku hakuna bomba la gesi, nyumba inapashwa na mafuta taa, yaleyale ya nyumbani, kwenye tangi kubwa bustanini, na kuagiza lazima angalau lita 500. Niliposhusha kijiti kupima tangi kesho yake kilitoka kimelowa ncha tu. Kila mtu alikua anaagiza wiki hio na gari la mafuta lilichukua siku kumi, £318. Mzee ameniazima hita ya umeme, na amenifundisha: usiache ifike chini kabisa, uchafu wa chini unaingia kwa paipu, hewa inaingia, boila inakataa hadi fundi aje aitoe. Alama ya robo tangi, agiza.

29 Desemba 2024: Krismasi

Mimi ni Muislamu kwahivo nilijitolea kufanya Krismasi ili wenye watoto wakae nyumbani, na nafurahi nilifanya. Lakini kwa msafiri ni siku mbili ngumu kuliko zote: 25 Desemba hakuna treni nchi nzima, na 26 karibu hakuna vilevile. Mabasi hakuna. Teksi ya usiku ule walitaka mara mbili ya bei. Nimelala Exeter kuanzia mkesha hadi 27. Panga hii Novemba, usingoje.

9 Februari 2025: hesabu za tiketi na za bima

Tiketi ya wiki haifai tena sababu siendi siku tano. Kuna tiketi ya Flexi, unapewa siku 8 za kusafiri utumie ndani ya siku 28. Kwa zamu za mchana ni nzuri. Kwa zamu za usiku inakula mara mbili: unaenda Jumatatu jioni, unarudi Jumanne asubuhi, hizo ni siku mbili zimekatwa kwa zamu moja. Zamu tatu za usiku mfululizo zinakula siku nne. Kwahivo sasa mwezi ukiwa na mchana mwingi nachukua Flexi, ukiwa na usiku mwingi nanunua tiketi moja moja, na asubuhi nikirudi baada ya saa nne Railcard inafanya kazi. Rota ikitoka nakaa na kalamu kwanza ndio nanunua.

Basi la barabara ya A377 nalo lilikua £2 mwisho wa bei popote uendapo, tangu 1 Januari ni £3. Bado ni rahisi kuliko treni lakini ni machache, na usiku hayapo.

Nimekubali kua bila gari haiwezekani. Leseni ya Kenya inaruhusiwa miezi 12 tangu uwe mkaazi, baada ya hapo lazima uwe na ya kwao, na Kenya haiko kwenye orodha ya nchi za kubadilishana, hata Tanzania na Uganda haziko. Yaani mtihani upya, wa kuandika na wa barabarani. Sisi tunaendesha kushoto kama wao, hio ni nafuu kubwa.

Bima ndio iliniogopesha. Bei ya kwanza nilioletewa ilikua £2,300, gari lenyewe bei yake elfu tatu. Vilivyoishusha: kuchagua gari dogo la injini ndogo, kuandika kua linalala ndani ya shamba na sio barabarani, na kukubali kifaa cha kupima unavyoendesha. Imefika £1,740. Kwa fomu kuna mahali pa aina ya leseni, chagua leseni ya nje isiyo ya Ulaya na uandike miezi ya kweli uliyokaa Uingereza. Ukidanganya hapo, siku ya ajali huna bima.

6 Aprili 2025: gari

Nimenunua Toyota Yaris ya 2012, otomatiki, £3,200, ndio Vitz yetu. Kabla ya kununua ingiza namba ya gari kwa ukurasa wa serikali wa MOT, ni bure, unaona kila ukaguzi wa kila mwaka, ilifeli nini na maili ngapi. Moja nililolipenda Exeter lilikua limeandikwa kutu ya chini mwaka baada ya mwaka, nikaliacha.

Kuendesha mjini sio shida kwa mtu aliyeendesha Mombasa. Shida ni zile njia nyembamba. Unakutana uso kwa uso na tanka la maziwa, na utaratibu ni kua aliye karibu na kituo cha kupishania ndio anarudi nyuma, mara nyingi ni wewe, revasi kwenye kona, ukuta wa udongo kila upande. Mzee alinipeleka Jumapili moja akanifanyisha revasi njia nzima ya shamba, kwenda na kurudi, mpaka nikaweza kwa vioo tu bila kugeuza shingo. Hio saa moja imenifaa kuliko kitu chochote nilicholipia.

Mpango mpya unaofanya kazi: siku za wiki zamu ya mchana naendesha hadi Crediton naacha gari, napanda treni pale. Crediton inapata treni za reli mbili, za Barnstaple na za Okehampton, ile iliyofunguliwa tena Novemba 2021, kwahivo ukikosa moja hungoji sana. Jumapili na usiku naendesha hadi hospitali, saa hizo kuegesha ni rahisi. Nauli za treni zimepanda 4.6% tarehe 2 Machi, na Railcard imekua £35, mkifuata hesabu zangu za juu mzirekebishe.

Ramadhani nzima nimefunga na hii safari. Tende kwa mfuko wa sare, chupa ya maji kwa gari. Na saa zilisogezwa mbele tarehe 30 Machi, mwisho kabisa wa mwezi, zamu ya usiku ikapungua saa moja na magharibi ikaruka mbele saa moja.

15 Juni 2025: mtihani

Leseni ya kujifunzia £34 mtandaoni. Kuomba hio hakuondoi haki yako ya kuendesha kwa leseni ya Kenya ndani ya ile miezi 12, hii imewachanganya wengi. Mtihani wa kuandika £23, maswali 50 unatakiwa upate 43, na video za kuona hatari 44 kwa 75. Hizo video zifanyie mazoezi kwa kweli, bonyeza hatari inapoanza kuchipuka, sio ikishafika.

Mtihani wa barabarani £62 na foleni ndio balaa, nilipoingia Machi nafasi zote zilizokua wazi zilikua mwishoni kabisa mwa wiki 24 wanazofungua. Kilichonisaidia ni kuingia ukurasa wa serikali alfajiri nikitoka zamu ya usiku na kuangalia waliofuta. Usilipe watu wanaouza nafasi kwa simu.

Mara ya kwanza nimefeli. Makosa madogo hadi 15 yanasamehewa, kosa kubwa moja tu linakuangusha, na langu lilikua kuingia raundabauti: nilisimama kungoja nafasi ambayo mtahini aliona ipo wazi, magari yakajaa nyuma. Kwetu unasoma macho ya dereva mwingine, huku wanasoma mstari na kioo. Mwalimu niliyemchukua baada ya hapo, £40 kwa saa, alinambia wageni wenye uzoefu wanaanguka kwa vitu vitatu: kutogeuza kichwa waziwazi kuangalia vioo, mkono mmoja kwa usukani, na mwendo mdogo mno barabara za 60. Baada ya kufeli unangoja siku kumi za kazi ndio unaweza kurudia, alafu foleni upya.

17 Agosti 2025: nimepita, na hesabu yote

Nimepita wiki iliyopita, mwezi mmoja kabla ya leseni ya Kenya kufa. Kumbuka ukifanya na otomatiki leseni inakua ya otomatiki tu, mimi hainisumbui. Nilipoipigia kampuni ya bima kubadilisha aina ya leseni, bei ya mwaka ujao imeshuka hadi £890.

Sasa pesa, tangu Novemba hadi leo. Kodi nimeokoa £325 kwa miezi kumi, £3,250. Zilotoka: baiskeli na vifaa vyake £213, treni na basi karibu £900, teksi £160, mafuta ya nyumba mara mbili £623, gari £3,200, bima £1,740, leseni na mitihani na mwalimu £421, petroli kama £95 kwa mwezi tangu Machi. Kwahivo mwaka wa kwanza mashambani haujaniokolea pesa, umenitoa pesa nyingi, ingawa gari lenyewe bado ninalo na mafuta ya kupasha nyumba ni kama bili ya gesi ambayo ningelipa mjini pia. Mwaka wa pili: petroli £1,140, bima £890, ukaguzi na ushuru wa barabara na matengenezo naweka £500, treni za Crediton £500, jumla £3,030 dhidi ya £3,900 ya kodi niliyookoa. Hapo ndio inaanza kulipa, £870, na hapo ni kama gari halikuharibika.

Anayekuja peke yake kwa mkataba wa mwaka mmoja, akae mjini hata kama chumba ni kidogo. Anayekuja kwa miaka mitatu na anaweza kuendesha, mashambani ni sawa lakini aanze leseni wiki ya kwanza, sio mwezi wa tano. Mimi nabaki. Nyumba ni kimya, nalala vizuri baada ya zamu za usiku, na mama mwenye nyumba ananiachia mayai mlangoni.

Mshahara umepanda 3.6% na nyongeza ya tangu Aprili imeingia mwezi huu, sasa Band 5 inaanza £31,049. Nyongeza yangu imeenda yote kwa matairi mawili ya mbele.

Kinachofuata: msaidizi mmoja wa wodi yetu anakaa Copplestone na hana gari, tunajaribu kupanga Jumapili zetu pamoja na yeye achangie petroli, nimeshauliza bima na kuchangia gharama bila faida wanaruhusu. Na majirani wananunua mafuta taa kwa kikundi kabla baridi haijaanza, wanaagiza lita elfu kadhaa kwa mpigo wapate bei ya chini. Wameniandika, tangi langu likiwa robo. Oda inaenda wiki ya kwanza ya Septemba, bei ikitoka ntaiweka hapa.